Ziwa la mjini limechafuka: tuanze na mitaro, tope, mafunjo au magugu?

Msimu wa mvua uliopita, mwenyekiti wa LC1 (baraza la ngazi ya chini kabisa ya serikali) wa mtaa mmoja ulio kando ya maji hapa Kampala alinialika kwenye kikao cha kamati yao. Walikuwa wamechanga fedha, na mfadhili ameahidi kuongeza. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu mtaa ule una kila mtu: Walugbara, Wanubi, Wakonjo, Wakongo waliokuja na biashara ya vitenge, na Waganda ambao babu zao walivua palepale. Vijana walitaka magugu maji yang'olewe wiki hiyohiyo. Mwenye hoteli alitaka tope lichimbwe, ziwa lipate kina. Mama mmoja muuza samaki alishikilia kwamba mafunjo yarudishwe, maana alipoolewa pale maji yalikuwa yanachoteka. Kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainua mkono, akasema: "Wanangu, hivi choo cha nani kinamwaga humu?"

Hakuna aliyemjibu. Watu walitazama chini, mwenyekiti akahamia ajenda nyingine. Ulinganisho huu wa njia za kusafisha ziwa nimeuandika kwa ajili ya kamati ile na nyingine zinazofanana nayo, ziwe za mtaa, za parokia, za shule au za wenye hoteli, ambazo zina fedha kidogo, zina nia njema, na hazijui zianzie wapi.

Tunalinganisha kwa vipimo gani

Kila njia nitaipima kwa maswali manne yaleyale: inatibu nini, inagharimu nini na matokeo yanaonekana lini, hatari yake iko wapi, na inamfaa nani. Lakini majibu yatawasaidia tu ikiwa mnajua mambo mawili kuhusu ziwa lenu.

La kwanza: uchafu unaendelea kuingia, au umeshalala chini? Kinachofanya ziwa la mjini liwe la kijani na linuke ni hasa fosforasi na nitrojeni, zinazotoka kwenye kinyesi, sabuni, mbolea na udongo unaosombwa na mvua. Gramu 1 tu ya fosforasi yaweza kuotesha takriban gramu 100 za mwani, ukipimwa ukiwa mkavu. Mwani huo hufa, huzama, huoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ya chini. Oksijeni ikiisha, fosforasi iliyokuwa imeshikwa na madini ya chuma ndani ya tope huachiliwa na kupanda tena juu. Ziwa la namna hiyo hujilisha lenyewe. Mnaweza kuziba mitaro yote na maji yakabaki kijani miaka kadhaa, na watu wakadhani mmewadanganya.

La pili: kina chake. Ziwa lenye kina kirefu likiachwa lipumue linaweza kuzika uchafu wake. Lenye mita moja au mbili, kila upepo wa alasiri unakoroga tope na kulirudisha majini.

Haya mawili hayahitaji maabara ili kuanza kuyajua. Chukueni sahani nyeupe yenye upana wa sentimita 20, ifungieni uzito na kamba yenye mafundo kila sentimita 10, mkaishushe kutoka kwenye mtumbwi mpaka isionekane. Andikeni kina hicho: kikipungua, maji yanazidi kuchafuka. Rudieni kila wiki, saa ileile, mahali palepale. Mti mrefu ulionyooka utawaonyesha tope lina unene gani. Na piteni kwenye mitaro yote inayoingia ziwani wakati wa kiangazi, Januari au Julai, mvua ikiwa haijanyesha siku nyingi. Mtaro unaotiririka siku kama hiyo haubebi maji ya mvua. Ufuateni kwenda juu mpaka mjue unatoka kwa nani.

Njia ya kwanza: kuziba uchafu unakotoka

*Inatibu nini.* Inatibu mlango. Kampala ni somo kubwa katika hili. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya katikati ya jiji, ya masoko, ya gereji na ya makazi, hadi Ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo ndipo mitambo ya Ggaba inapovuta maji tunayokunywa. Jiji linakunywa kutoka kwenye ghuba ileile linayomwagia. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka limejenga mtambo wa Bugolobi wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 za majitaka kwa siku, na tangu 2014 upo mtambo wa Lubigi unaopokea pia tope la vyooni linaloletwa na magari ya kunyonya. Ila mabomba ya majitaka yanafikia sehemu ndogo ya jiji. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo na makaro, na hapo ndipo kamati ndogo ina kazi ya kufanya.

*Gharama na muda.* Hamhitaji kujenga mtambo. Mnahitaji kuhesabu vyoo vinavyomwaga mtaroni, kupanga siku za kunyonya ili nyumba kumi zigawane safari moja ya gari, na pale gari lisipopita kwenye vichochoro, kuwaita wale wanaonyonya kwa pampu ya mkono na mapipa. Fedha ya kuanzia si kubwa, lakini haikomi: choo kilichonyonywa leo kitajaa tena. Matokeo ziwani hayaonekani haraka. Mitaroni na kwenye afya ya watoto yanaonekana mapema zaidi.

*Hatari.* Ni njia ya kugombana na majirani. Wanaoishi mabondeni wanajua kwamba mvua ikinyesha usiku, wapo wanaofungua vyoo vyao vimwage mtaroni. Mara nyingi aliyejenga choo kile ni mwenye nyumba anayeishi mbali, na anayeaibishwa ni mpangaji. Msimwadhibu mpangaji. Mwenye kukusanya kodi ndiye wa kuitwa kwenye kikao, kwa heshima, na mwenyekiti akiwepo.

Ziwa Washington, mjini Seattle nchini Marekani, ndilo mfano unaotajwa zaidi. Majitaka yaliyokuwa yakimwagwa humo yaliondolewa kati ya 1963 na 1968, na maji yaliyokuwa hayaonekani zaidi ya takriban mita 1 kwenda chini yakaanza kung'aa katika miaka michache. Hawakuchimba tope. Lakini ziwa lile lina kina kinachofika mita 65, nanyi msiahidi watu matokeo kama hayo kwenye bwawa la mita mbili.

*Inamfaa nani.* Mtaa wenye mitaro inayotiririka wakati wa kiangazi. Mtaa wenye viongozi wanaosikilizwa. Na yeyote ambaye maji yake yanaelekea kwa wanaoyanywa.

Njia ya pili: kuchimba tope

*Inatibu nini.* Inaondoa ghala la zamani, lile linalojilisha lenyewe, na kurudisha kina. Hakuna njia nyingine inayofanya yote mawili. Ziwa Trummen huko Växjö, Sweden, ndilo kinyume cha Washington: lina kina kifupi cha kama mita mbili, majitaka yalizuiwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa miaka kumi na zaidi ziwa halikupona. Mwaka 1970 na 1971 likatolewa tope la takriban mita 1, ndipo maji yakabadilika.

*Gharama na muda.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi zinapotea. Chukueni eneo la hekta 1 tu. Tope la nusu mita juu ya hekta hiyo ni mita za ujazo 5,000. Tipa linalobeba mita za ujazo 7 litafanya safari zaidi ya 700. Zidisheni na bei ya mafuta, ya ekskaveta, ya dereva na ya barabara mtakayoiharibu, ndipo mjue kwa nini mfadhili anayetaja "kuchimba ziwa" kwa sentensi moja hajakaa na kalamu.

Sisi wa Kampala tunao ukumbusho wa uzito wa kazi hii. Nyanja ya Kabaka, kati ya Mengo na Ndeeba, ilichimbwa kwa mikono miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, aliyetaka iunganishwe na Ziwa Victoria. Haikufika. Kazi ile ya lazima ilizidisha manung'uniko dhidi yake, na mwaka 1888 akapinduliwa. Kila ninapopita pale huwafikiria wale waliobeba udongo kichwani.

*Hatari.* Tope litakwenda wapi? Swali hili lilikuwa gumu hata zamani, na tangu Agosti 10, 2024, jalala la Kiteezi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, hakuna mwenye haki ya kusema "tutalimwaga mahali fulani". Tope la chini ya gereji na viwanda vidogo linaweza kuwa na risasi na metali nyingine za betri na rangi. Lipimwe kwanza, kabla mkulima hajapewa kama mbolea ya matoke. Isitoshe, kuchimba kunakoroga maji, na samaki wanaweza kufa kwa wingi wiki za mwanzo. Kazi ya ukubwa huu inahitaji tathmini ya mazingira na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Msianze kwa kutegemea kwamba hakuna atakayeuliza.

*Inamfaa nani.* Ziwa dogo, la kina kifupi, ambalo mitaro yake imeshazibwa na bado halijapona, na ambalo lina mwenyewe anayejulikana wa kulipia. Mwenye hoteli katika kikao kile hakuwa amekosea kuhusu tope. Alikosea mpangilio: mitaro minne ilikuwa bado inamwaga, na tope jipya lingelala juu ya shimo alilolipia.

Njia ya tatu: kurudisha mafunjo na kinamasi

*Inatibu nini.* Inachuja kile kinachoponyoka njia ya kwanza. Maji yakipita polepole kati ya mizizi, udongo unatua, vijidudu vingi vya maradhi vinakufa, na mmea unakula fosforasi na nitrojeni. Kinamasi cha Nakivubo, kilicho mwishoni mwa ule mfereji, kimefanya kazi hii kwa Kampala miaka mingi bila mshahara. Mwaka 1999 watafiti walikadiria kwamba huduma za kinamasi kile, hasa kusafisha maji, zina thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka.

Nakivubo inaonyesha pia namna njia hii inavyokufa. Mifereji ilichimbwa na mashamba ya mayuni yakasogea ndani, hivyo sehemu kubwa ya maji hukimbilia ghubani kupitia mkondo mmoja bila kugusa mafunjo. Kinamasi kinaonekana kwa macho, bado kijani, lakini maji yanapita pembeni. Kwa hiyo msiulize tu kama mna mafunjo. Rusheni maganda ya machungwa mtaroni mvua ikinyesha, mtazame yanapita wapi.

*Gharama na muda.* Mche ni bei rahisi. Ardhi ndiyo ghali. Kinamasi cha kutengenezwa, kwenye joto letu, kinahitaji kama mita 1 hadi 3 za mraba kwa kila mtu, tena baada ya tope zito kutulizwa kwanza kwenye tangi. Mtaa wa watu 5,000 unadai nusu hekta hadi hekta moja na nusu, na hapa mjini kila kipande kina kibanja cha mtu. Mafunjo yenyewe hukomaa ndani ya mwaka mmoja au chini yake.

Na lazima yavunwe. Hili husahaulika sana. Funjo lisilovunwa hukauka, huanguka majini na kurudisha kila lilichokula. Likikatwa kwa zamu na kutolewa nje, linakuwa mikeka, vikapu na mapaa ya vibanda, na wanawake wanaosuka wanakuwa walinzi wa ziwa kwa sababu riziki yao imo humo.

*Hatari.* Ni ya kibinadamu. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za maziwa zinalinda ukanda wa mita 200 kando ya maziwa makubwa kama Victoria na Kyoga, na mita 100 kando ya maziwa mengine, na Katiba ya 1995 inasema maziwa na ardhi oevu vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Sheria iko wazi. Lakini tuliona kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 maana ya kuitekeleza baada ya watu kuachwa wajenge miaka mingi: familia zilitolewa, nyumba zikabomolewa. Naamini kinamasi kinapaswa kulindwa, na naamini pia kwamba mama mwenye mayuni robo ekari hapaswi kuwa wa kwanza kulipa wakati aliyejaza kifusi kwa malori bado yupo.

*Inamfaa nani.* Ziwa ambalo bado lina ukingo usiojengwa, shule au parokia yenye ardhi yake ya bondeni, na miji midogo ambayo bado haijajaza mabonde yake. Wenzetu wa Fort Portal wanaohangaika na Ziwa Saaka, ziwa la kreta lililozungukwa na mashamba na mifugo, wanaweza kupata mengi hapa, kwa sababu uchafu wao unateremka kutoka mashambani na ukanda wa mimea unaukuta njiani.

Njia ya nne: kutoa magugu maji

*Inatibu nini.* Dalili. Magugu maji hunawiri kwa sababu maji yana chakula kingi. Hata hivyo dalili nayo inaua: yanafunga njia za mitumbwi, yanaziba mwanga, yanaficha mbu na konokono wa kichocho. Mvuvi aliyefungiwa gatini hawezi kuambiwa asubiri mitaro izibwe.

*Gharama na muda.* Matokeo yanaonekana siku ileile, ndiyo maana vijana wanaipenda. Lakini gugu maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo mnavuta na kubeba maji. Na linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Niliwahi kushiriki siku ya usafi mahali fulani, watu mia mbili, ngoma na picha. Marundo yakaachwa ukingoni. Mvua ya tatu ikayarudisha yote ziwani, yakiwa yameoza. Nililia kwa hasira siku ile, kwa sababu wale watu walifanya kazi kwa moyo.

Kama mtatoa, pangeni kwanza shimo la mboji mbali na maji, na zamu za kila wiki.

*Hatari.* Kuna msaidizi ambaye wengi wanamuua bila kujua. Miaka ya 1990 Uganda iliachilia fukusi wa jamii ya Neochetina, wadudu wadogo wanaokula gugu hili tu, kwanza Kyoga na kisha Victoria mwaka 1995, na mwishoni mwa muongo huo magugu yalipungua sana. Fukusi wanahitaji magugu yasiyosumbuliwa ili wazaliane. Mkikwangua kila kitu, mnawatoa na wao. Acheni kipande kimoja tulivu kikae. Na msipulize dawa ya kuua magugu kwenye maji ambayo mtu anachota.

*Inamfaa nani.* Gati, mlango wa bomba la maji, njia ya mitumbwi. Pia kamati inayohitaji kazi ya kuwakusanya watu kwanza, ilimradi siku hiyohiyo watu watembezwe kwenye mitaro.

Shabu na mashine za hewa, kwa ufupi

Shabu, ileile inayotumika kusafisha maji ya kunywa, inaweza kumwagwa ziwani ikashika fosforasi na kuizamisha. Mitaro ikiwa imezibwa, inaweza kununua miaka kadhaa. Ikiwa haijazibwa, ni fedha inayoyeyuka. Katika maji yaliyo na uchache wa madini ya kupunguza tindikali, inaweza kuyafanya yawe na tindikali na kuua samaki, kwa hiyo si kazi ya kufanya bila mkemia. Mashine za kupuliza hewa zinasaidia bwawa dogo la hoteli au la samaki lenye umeme wa uhakika. Umeme ukikatika usiku mmoja kwenye maji mazito ya mwani, asubuhi mnaweza kukuta samaki wanaelea. Chemchemi ya mapambo katikati ya bwawa inapendeza, ila hewa yake haifiki chini kwenye tope.

Mkiwa hivi, anzeni hivi

Mitaro inatiririka wakati wa kiangazi na fedha ni chache: wekeni yote kwenye vyoo na makaro, hata kama mfadhili anataka picha ya ekskaveta. Mpelekeeni vipimo vya sahani vya miezi mitatu. Mfadhili wa kweli huheshimu daftari.

Mitaro imezibwa miaka kadhaa, ziwa lina mita mbili, na maji bado ni kijani: tope ndilo mgonjwa wenu. Pimeni metali, tafuteni pa kulipeleka, ombeni kibali, kisha chimbeni sehemu kwa sehemu mkianzia mdomoni mwa mtaro, ambako ndiko linakorundikana.

Mna ukingo mtupu na uchafu unatoka mashambani au kwenye mifugo: mafunjo, pamoja na makubaliano ya maandishi kuhusu nani anavuna na lini.

Wavuvi wamefungiwa leo: fungueni njia ya mitumbwi leo, kwa mikono, na achieni fukusi sehemu yao.

Ziwa lina mwenyewe, kama vile ufalme, shule au taasisi: mwombeni akae mezani kabla ya mchango wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa mwaka wa tano nani analipa mlinzi wa kichungi cha takataka mtaroni, kile kinachozuia buveera (mifuko ya plastiki) na chupa. Kichungi kisichosafishwa kila baada ya mvua husababisha mafuriko nyumbani kwa watu, na hapo wataking'oa wenyewe, nami sitawalaumu.

Kamati ile ya mwanzo, nilirudi kwao Julai. Mwenyekiti alinipokea akiwa na kamba yenye mafundo begani. Walikuwa wamefuata mitaro yote minne kwenda juu. Mitatu ilikuwa ya vyoo, na kimoja cha vyoo hivyo kilikuwa cha mjumbe wa kamati, ambaye alikuwa ameshaita gari la kunyonya. Mzee alikuwa amekaa kwenye mtumbwi, akisubiri sahani ishushwe.